Pumzi Haina Ghala

Wahenga walinena kuwa akiba haiozi. Methali hiyo ni ya watu walioijua njaa na wakaizoea kusi na kaskazi. Watu waliojifunza kuweka mtama ghalani, kumkausha papa akawa ng'onda, kuhifadhi maji mtungini na fedha kashani. Hekima yake haina shaka. Walakini, katika yote ambayo binadamu anayahitaji ili aishi, kimoja kinaikataa methali hii, nacho ndicho anachokihitaji kuliko vyote. Aliyekula akashiba aweza kufunga siku nzima na zaidi. Aliyekunywa akatosheka aweza kustahimili kiu mpaka magharibi. Lakini aliyevuta pumzi elfu moja safi asubuhi hana hata moja ya kumfaa adhuhuri. Pumzi haiwekeki, haihesabiwi mbele, wala hairithishwi. Huja moja moja, na kila moja huja kwa sharti kwamba iliyotangulia imekwisha ondoka.

Hapo ndipo lilipo swali la makala haya. Je, kitu kisichowekeka chaweza kuitwa mali ya mtu? Na kama si mali, ni nini, na kinamdai nini yule aliye nacho, na kinawadai nini wale walio kando yake? Mtu mzima mwenye afya huvuta pumzi takriban mara 20,000 kwa siku bila ya kujiuliza hayo, naye ana haki ya kutojiuliza. Lakini kuna wodi ambazo swali hili huulizwa kila usiku, na jibu lake humhusu mtu aliyelala kitandani na jamaa zake waliokaa mlangoni. Kabla ya kufika huko, inafaa kwanza kuutazama mwili wenyewe, kwani mwili umelijibu swali hili kitambo kwa namna yake.

Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika, na kila mara huingiza hewa ya kiasi cha nusu lita. Katika nusu lita hiyo, karibu thuluthi moja haifikii lengo. Hubakia puani, kooni na katika mabomba yanayoelekea mapafuni, kisha hurudi nje kama ilivyoingia. Wafanyabiashara wa zamani wangeiita ushuru wa njia. Hewa iliyosalia hufika katika vifuko vidogo mno, ambavyo idadi yake katika mapafu mawili ni mamia ya milioni. Lau kuta za vifuko hivyo zingetandazwa, zingefunika mita za mraba 70 au zaidi, eneo la sakafu ya nyumba nzima ya kawaida, ingawa zote zimekunjwa zikaenea ndani ya kifua kimoja. Na ukuta unaotenga hewa na damu ni mwembamba kuliko sehemu ya elfu moja ya milimita. Oksijeni huupenya ukuta huo ikaingia damuni na kudakwa na himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu. Nayo hewa ya ukaa, ambayo ni taka ya moto unaowaka polepole mwilini, huupenya kwa kuelekea upande wa pili. Katika kila sehemu 100 za hewa ya nje, oksijeni ni sehemu 21. Katika hewa itokayo kifuani, oksijeni ni kama sehemu 16, na hewa ya ukaa imezidi ikafika sehemu 4 au zaidi kidogo.

Jambo la kwanza la kuzingatiwa ni namna hewa inavyoingia. Wengi hudhani kuwa mapafu huifyonza hewa kama mtoto anyonyavyo. Sivyo. Mapafu hayana msuli wa kuyatanua. Kinachofanya kazi ni kiwambo, yaani ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, pamoja na misuli iliyo baina ya mbavu. Kiwambo hushuka, mbavu hupanda, kifua hupanuka. Hewa iliyomo ndani hulegea, na hewa ya nje, ambayo mkazo wake sasa umezidi, huingia yenyewe. Kwa hakika, binadamu haichukui hewa. Huipa nafasi, nayo ikaja. Na wakati wa kuitoa, kwa mtu aliyetulia, hakuna hata juhudi inayohitajika: misuli hulegea, mapafu hunywea kwa mnyumbuko wake, hewa ikatoka.

Lugha ya Kiswahili haikusubiri maabara ili ilijue hilo. Neno nafasi asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya pumzi, na limetoka katika shina lile lile lililozaa nafsi. Mwenye nafasi ni mwenye pahali pa kupumulia. Mwenye nafsi ni yule anayepumua ndani ya pahali hapo. Kwa upande wa pili, wa Kibantu, kupumzika kumezaliwa na kupumua. Na aliyetua mzigo husemwa kuwa ameshusha pumzi, kana kwamba uliokuwa mzito ni pumzi yenyewe. Si kawaida kwa msamiati wa lugha moja, uliotoka katika chimbuko mbili zilizo mbali, kukubaliana kiasi hicho. Pande zote mbili zinasema kuwa kuishi ni kuachia.

Jambo la pili ni udogo wa akiba. Mwili uliotulia hutumia takriban robo lita ya oksijeni kwa dakika. Oksijeni yote iliyomo mwilini, katika mapafu, katika damu na katika misuli, haizidi sana lita moja na nusu, na si yote inayoweza kutumika. Hesabu yake ni nyepesi hata kwa mtoto wa chuo: mwili wa binadamu umejaaliwa akiba ya dakika chache tu. Ubongo huanza kuharibika baada ya dakika nne au tano za kukosa oksijeni. Tajiri na maskini, imamu na mlevi, kila mmoja yuko umbali huo huo na mauti, na hakuna aliyepata kuununua umbali huo ukawa mrefu zaidi kwa fedha. Katika jambo hili maumbile yameweka usawa ambao sheria za wanadamu hazijaufikia.

Ilichukua karne nyingi kuielewa njia ya pumzi kutoka hewani hadi damuni, na hatua mojawapo kubwa ilipigwa na mwanachuoni wa Kiislamu. Galen, tabibu wa Kiyunani wa karne ya pili, alifundisha kuwa damu hupenya kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda upande wa kushoto kupitia matundu yasiyoonekana. Kwa zaidi ya miaka 1,000 wataalamu walilipokea hilo. Ndipo Ibn al-Nafis, aliyezaliwa karibu na Damascus na kufariki Cairo mwaka 1288, akiandika sherehe juu ya anatomia iliyomo katika kitabu cha Ibn Sina, akasema wazi kuwa ukuta huo wa moyo ni mnene na hauna matundu. Damu, alisema, haina budi kupita mapafuni, ikachanganyika huko na hewa, ndipo irudi upande wa kushoto. Maandishi yake yalisahauliwa mpaka mwaka 1924, pale tabibu Mmisri, Muhyi al-Din al-Tatawi, alipoyakuta katika maktaba ya Berlin. Malpighi wa Italia ndiye aliyeviona kwa hadubini, mwaka 1661, vile vishipa vidogo kabisa katika mapafu ya chura, akayathibitisha kwa macho yale ambayo Ibn al-Nafis aliyafikia kwa hoja. Hoja yenyewe ilikuwa nyepesi kuitamka na nzito kuithubutu: kwamba damu haina hazina yake moyoni, bali yalazimika kila mara kwenda kubisha mlangoni pa hewa.

Jambo la tatu ndilo la ajabu zaidi, nalo linahusu kiu ya pumzi. Mtu akizuia pumzi, baada ya muda hushikwa na dhiki isiyovumilika, na kila mmoja hudhani kuwa dhiki hiyo ni kilio cha mwili kutaka oksijeni. Kumbe, kwa sehemu kubwa, ni kilio cha mwili kutaka kuutua mzigo wa hewa ya ukaa. Katika shina la ubongo mna vituo vinavyopima uchungu wa damu uletwao na hewa hiyo, navyo ndivyo vinavyoamrisha kifua. Ushahidi wake wanao wazamiaji, na baadhi yao wameulipia kwa roho zao. Mzamiaji akihemahema kwa kasi kabla ya kupiga mbizi, hajiongezei oksijeni ya kutajika, bali hujipunguzia hewa ya ukaa. Akiwa chini hujiona mwepesi, hana dhiki, kengele imenyamaza. Na ilhali kengele imenyamaza, oksijeni inakwisha. Huzimia bila ya onyo, na bahari haimsubiri azinduke. Basi mwili haulii, "Nipe." Unalia, "Nitue." Anayedhani kuwa hofu kuu ya kiumbe ni kukosa, na aitafakari habari hii, kwani kabla ya kukosa, mwili huhofia kushindwa kutoa.

Kuna pia suala la hiari. Moyo haupokei amri ya mtu. Mkono haufanyi kazi bila ya amri yake. Pumzi imekaa baina ya hivyo viwili. Hujiendea yenyewe usingizini, na mwenyewe akitaka huishika hatamu: huirefusha, huikata, huipanga. Msomaji wa Kurani hufundishwa tangu chuoni mahali pa kusimama na mahali pasipofaa kusimama, ili asikate neno katikati kwa kuishiwa na pumzi. Mpiga zumari huijaza mashavuni ili sauti isikatike anapovuta nyingine kwa pua. Mtunzi wa shairi la mizani 16 huugawa mshororo katika vipande viwili vya mizani nane nane, na mghani hodari huutimiza mshororo mzima bila ya kuhema. Na zaidi ya hayo, maneno yote ya Kiswahili hutamkwa kwa pumzi itokayo, si iingiayo. Hewa ambayo mwili umekwisha ichukua ilichokihitaji, hewa iliyo taka kwa hesabu ya damu, ndiyo inayopita kooni ikawa salamu, ikawa dua, ikawa utenzi. Ushairi wote hufumwa kwa pumzi iliyokwisha tumika.

Hata hivyo, hatamu hiyo ina mpaka. Hakuna awezaye kujiua kwa kuzuia pumzi akiwa nchi kavu. Akishikilia mno huzimia, na hiari ikishazimia, shina la ubongo huirudisha pumzi kama mama anavyomnyang'anya mtoto kisu. Mtu amepewa pumzi aitumie, hakupewa aimiliki. Mwenye mali ana haki ya kuifungia. Mwenye pumzi hana.

Kwa hayo yote, ingeelekea kuwa swali limekwisha jibika: pumzi si mali, ni amana. Lakini jibu hilo lilitosha mpaka mwaka 1952 tu. Tangu hapo wanadamu wamefanya jambo ambalo maumbile hayakulifanya. Wameijengea pumzi ghala.

Mwaka huo mji wa Copenhagen, nchini Denmark, ulikumbwa na mlipuko mkubwa wa polio. Katika hospitali ya Blegdam, ambako wagonjwa walipokelewa, maradhi yaliwapooza wengi misuli ya koo na ya kupumulia. Wakati huo kulikuwako mashine iitwayo pafu la chuma, iliyobuniwa Boston mwaka 1928: kasha kubwa ambalo mgonjwa hulazwa ndani yake hadi shingoni, na kwa kuipunguza hewa iliyomo kashani kifua chake hutanuliwa kutoka nje. Hospitali ile ilikuwa na kasha moja tu la aina hiyo, pamoja na vifaa sita vidogo vya kufunga kifuani. Katika wiki tatu za mwanzo, kati ya wagonjwa 31 waliotibiwa kwa vifaa hivyo, 27 walifariki.

Daktari mkuu, Lassen, alimwita daktari wa nusukaputi aitwaye Bjørn Ibsen. Wagonjwa walikuwa wakipewa oksijeni, na vipimo vya damu vilionyesha hali ambayo madaktari waliifasiri vingine. Ibsen alitambua kuwa walikuwa wakizama katika hewa ya ukaa ambayo vifua vyao havikuweza kuitoa. Oksijeni waliipata; kushusha ndiko kulikowashinda. Tarehe 27 Agosti 1952, mtoto wa kike wa miaka 12, aliyekuwa katika hali ya kukata roho, alitobolewa kooni, akatiwa mrija, na hewa ikasukumwa mapafuni mwake kwa mfuko wa mpira uliobanwa kwa mkono. Aliokoka. Lakini mfuko hauna akili wala uchovu. Mkono unavyo vyote viwili, na mkono ukiacha, mgonjwa hufa. Kuna siku walikuwapo wagonjwa 70 kwa wakati mmoja waliohitaji mkono huo usiku na mchana. Wakaitwa wanafunzi wa udaktari. Takriban wanafunzi 1,500 walikaa kwa zamu vitandani, wakibana na kuachia, wakibana na kuachia, jumla ya saa zipatazo 165,000. Vifo vilishuka kutoka karibu wagonjwa tisa katika kila kumi hadi kiasi cha mmoja katika kila wanne. Kutokana na kazi ile zikaja mashine za kupumulia za leo na vyumba vya wagonjwa mahututi.

Ni vigumu kuisoma habari hii bila ya kuona kwamba kitu kipya kiliingia katika historia ya binadamu. Tangu kuumbwa kwake, mtu aliweza kumlisha mwenziwe, kumvika, kumbeba na kumzika. Kumpumulia kwa siku na wiki nzima hakuweza. Sasa aliweza. Mwanafunzi aliyekaa kando ya mtoto asiyemjua alikuwa, kwa saa sita au nane, kiwambo cha kifua cha mwenziwe. Wahenga husema kuwa nguo ya kuazima haisitiri maungo. Pumzi ya kuazima ilisitiri.

Walakini kila ghala lina mlango, na kila mlango una ufunguo, na mwenye ufunguo huulizwa maswali ambayo asiye nao haulizwi. Swali la kwanza lilikuja upesi: ni lini mkono uache? Mashine yaweza kuendelea kuvijaza vifua vya watu ambao ubongo wao umekufa wote, na moyo, ambao una mdundo wake wenyewe, ukaendelea kupiga kwa muda madhali oksijeni inaufikia. Je, huyo anapumua, au anapumuliwa tu? Mwezi Novemba 1957, Papa Pius XII, akiwajibu madaktari wa nusukaputi, alisema kuwa wajibu wa kuulinda uhai unahusu njia za kawaida, na kwamba hakuna lazima ya kutumia njia zisizo za kawaida pale ambapo hali haina tena matumaini. Mwaka 1968 kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard ilipendekeza vipimo vya kuthibitisha kufa kwa ubongo. Nayo Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, ilipokutana Amman mwezi Oktoba 1986, iliamua kwamba mtu huhesabiwa kuwa amekufa pia pale kazi zote za ubongo wake zinaposimama kabisa na wataalamu wakathibitisha kuwa hazitarudi, na kwamba katika hali hiyo yajuzu kuiondoa mashine, ijapokuwa kiungo kama moyo bado chafanya kazi kwa msaada wake. Mwaka uliofuata, wanavyuoni waliokutana Makka walikubali kuondolewa kwa mashine, lakini hawakukubali kumhukumu mtu kuwa maiti mpaka pumzi na moyo visimame baada ya kuondolewa.

Tofauti hiyo ya Amman na Makka si ndogo, wala si ya kubezwa. Chini yake mna jambo moja walilokubaliana wote: kwamba mwenye kuishika pumzi ya mwenziwe hana ruhusa ya kuishika milele. Hapa ndipo neno amana linapoonyesha uzito wake. Kuna wanaohofu kuwa kusema pumzi si mali ya mtu ni kuidhoofisha haki yake juu yake. Kwamba kisicho mali ya mtu yeyote aweza kukichukua. Mashaka hayo yana msingi, na yanastahili jibu. Jibu ni kuwa amana, katika sheria na katika mila za pwani, haina ulegevu kuliko mali. Ina ukali zaidi. Mali mwenyewe aweza kuichezea, kuiuza au kuitupa. Amana aliyepewa hana ruhusa ya kuipoteza, na asiyepewa hana ruhusa ya kuigusa. Aliyeipokea huulizwa: uliitunza? Na siku ikidaiwa huulizwa: uliirudisha? Anayezima mashine ya mgonjwa ambaye angepona amevunja swali la kwanza. Anayeiacha ikiendelea juu ya maiti kwa sababu ya hofu, au fahari, au hesabu ya malipo ya kitanda, amevunja la pili. Kosa la kwanza lina jina katika kila lugha. La pili bado linatafutiwa jina, kwa kuwa linafanana na huruma.

Jamaa waliokaa mlangoni wanastahili kuelezwa hivyo kwa lugha wanayoielewa. Aghalabu huulizwa swali lililokosewa. Huulizwa kama wanakubali "kumkatia pumzi" mzee wao, na nani atakubali hilo? Lau wangeulizwa kama wanaiona pumzi hiyo kuwa ni yake bado, au ni ya mashine tu, wangelia vilevile, lakini wasingerudi nyumbani na dhana ya kwamba wameua.

Swali la pili la mwenye ufunguo ni zito zaidi kwa nchi maskini: ufunguo umfungulie nani? Madhali pumzi haikuwa na ghala, hapakuwa na foleni. Sasa ipo. Shirika la Afya Duniani liliiingiza oksijeni mwaka 2017 katika orodha yake ya dawa za lazima kwa ajili ya kuwatibu walioishiwa nayo damuni. Haikupita miaka minne, ulimwengu ukaonyeshwa maana ya orodha hiyo. Mwezi Aprili na Mei 2021, wimbi la UVIKO-19 lilipoipiga India, hospitali za Delhi ziliishiwa na oksijeni, watu wakazunguka mji na mitungi mitupu wakiwatafutia wazazi wao, na wagonjwa wakafariki vitandani kwa kukosa kitu ambacho kimejaa kila mahali kwa kiwango cha sehemu 21 katika 100. Hakukuwa na uhaba wa oksijeni duniani. Palikuwa na uhaba wa mitambo ya kuitenga, mitungi ya kuibebea, na magari ya kuifikisha. Hewa ni bure kwa mwenye mapafu mazima. Aliyeharibikiwa na mapafu huiuziwa.

Na mapafu mengi huharibika kabla ya kufika hospitali. Shirika hilo hilo limekadiria kuwa moshi wa majumbani, ule wa kuni, makaa na mafuta ya taa, ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 katika mwaka 2020. Mwenye kuvuta moshi huo kwa wingi ni mpishi na mtoto anayemlea jikoni. Wanaokula ukumbini huuona wali, hawauoni moshi. Katika kila sinia linalotoka jikoni lisilo na tundu la hewa, mna sehemu ya pumzi ya mtu iliyotumiwa bila ya idhini yake na bila ya kutajwa. Asiyekubali kumnyang'anya mgonjwa mtungi wake, na aliyejengea nyumba yake jiko la giza ilhali alikuwa na uwezo wa kufungua dirisha, wamo katika suala moja, ingawa mmoja wao hulala usingizi mzuri.

Yupo atakayesema kuwa haya ni mambo ya serikali na wahandisi, si ya maadili. Lakini maadili ndiyo yanayoamua kipi kihesabiwe kuwa ni shida na kipi kihesabiwe kuwa ni kawaida. Jiko la moshi lilihesabiwa kuwa ni kawaida kwa vizazi vingi. Kufa kwa polio kulihesabiwa kuwa ni kadari mpaka daktari mmoja alipokataa kuifasiri damu kama wenzake walivyoifasiri, na wanafunzi 1,500 wakakubali kuketi.

Hewa yenyewe haijui mpaka. Karibu nusu ya oksijeni inayozalishwa duniani kila mwaka hutoka baharini, kwa vimea visivyoonekana kwa macho vinavyoelea karibu na uso wa maji. Na hewa ya ukaa itokayo vifuani mwa watu huingia katika majani ya mikoko, katika mwani, katika minazi. Hakuna pumzi mpya. Kila moja imekwisha pitia kwingine, na itapitia kwingine tena. Kwa hiyo kumwambia mtu kuwa pumzi yake ni amana si kumwambia kuwa anadaiwa na asiyejulikana tu. Ni kumwambia pia kuwa anadaiwa na jirani, na mpishi, na mgonjwa wa kitanda cha pili, ambao wote wanaivuta kutoka katika chombo kimoja naye.

Basi jibu la swali la mwanzo lina pande mbili. Pumzi ya mtu ni yake kwa kiasi ambacho hakuna mwingine mwenye haki ya kuizuia: si kwa moshi, si kwa bei, si kwa foleni iliyopangwa kwa kujuana. Na si yake kwa kiasi ambacho hawezi kuiweka, wala hawezi kuwekewa pindi ilipokwisha kudaiwa. Ghala lililojengwa Copenhagen kwa mikono ya wanafunzi lilikuwa jema kwa sababu kila mmoja wao alijua kuwa anashika kwa zamu. Alibana, akaachia, na saa yake ilipokwisha, alimpa mfuko aliyekuja baada yake, bila ya kuruhusu nafasi baina ya mkono na mkono.